Shajara ya mradi: Njia ya Maji Mawili, Chimala mpaka Isyonje kwa baiskeli

Jumamosi 14 Juni 2025

Leo ndo tumeanza rasmi. Tuko watatu, mimi, fundi wa baiskeli wa pale Mwanjelwa ambae ananitengenezea tangu niko sekondari, na mwalimu wa jiografia ambae mito ya huku anaijua kama watoto wake wa darasani. Tunataka kuchora njia ya baiskeli ya siku tatu, kutoka Mbeya kwa upande wa milima ya Uporoto kupanda mpaka uwanda wa Kitulo alafu kushuka bonde la Usangu, na tuiandike vizuri mpaka mtu ambae hajawahi kufika huku aweze kuifata bila kumpigia mtu simu. Iwe na pa kupata maji, pa kulala, wapi kuna fundi, wapi upepo unakupiga usoni, na barabara inakuaje mvua ikinyesha.

Jina limetoka kwa mwalimu. Alitandaza ramani nyuma ya kibanda cha fundi, juu ya maboksi ya tyubu, akaweka kidole pale juu Kitulo akasema angalieni, mvua ikinyesha hapa upande wa kaskazini maji yanaangukia Usangu, yanaingia Ruaha Mkuu, yanapita Mtera, yanapita Kidatu, yanaingia Rufiji kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye ile mitambo ya megawati 2,115, alafu baharini. Tone lingine likidondoka upande wa pili wa mgongo wa mlima linaenda Ziwa Nyasa, linatoka kwa mto Shire, linaingia Zambezi, linafika bahari ile ile ya Hindi lakini huko Msumbiji. Matone yamedondoka jirani kabisa af yanakuja kukutana baharini baada ya kupita nchi tofauti. Mimi nimezaliwa Mbeya na hii kitu nilikua siijui, na nikasema hapo hapo kwamba mtu anaeendesha baiskeli juu ya huo mgongo inabidi ajue amekanyaga wapi, kwahiyo njia yetu itafata maji.

Mpango wa kwanza: tunapanda kwa Isyonje, tunakatiza Kitulo, tunalala Matamba, tunashuka Hamsini na Saba mpaka Chimala. Hamsini na Saba ni ile barabara ya kona 57 inayopanda ukuta wa mlima, kila mtu wa huku anaijua. Wote tulitaka kuishuka.

Jumamosi 28 Juni 2025

Tumepima Uyole mpaka Isyonje. Lami yote, ndo barabara ya Tukuyu, na inapanda kweli. Tulianza saa 1 asubuhi tukiwa na glavu na bado vidole vilikua havisikii waya wa breki, Juni na Julai huku sio mchezo. Mafuso ya viazi yanashuka yamejaa lumbesa mpaka yanalala upande, kwahiyo ushauri wa kwanza wa kuandika kwenye faili ni kukaa kushoto kabisa na ukisikia Fuso linabadili gia nyuma yako shuka pembeni, usishindane nalo.

Isyonje kuna mama anauza chai na viazi vya kuchemsha. Nilimuuliza mbona maharage yake yanachelewa hivyo akasema huku moto haufanyi kazi kama mjini. Mwalimu akaelezea kwamba ukipanda juu maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, kule Kitulo kwenye mita 2,600 ni kama nyuzi 91 tu, kwahiyo maharage yanakaa jikoni mda mrefu na hewa yenyewe imepungua kama robo ukilinganisha na pwani. Hiyo ya hewa nimeiandika kwa wino mwekundu. Mtu akitoka Dar moja kwa moja akaanza kukanyaga siku hiyo hiyo atadhani anaumwa. Alale Mbeya usiku mmoja kwanza, ikiwezekana miwili.

Jumapili 13 Julai 2025

Naandika hii mkono wa kushoto una bandeji, ila niko salama, wote tuko salama.

Jana tulikatiza Kitulo kwa mara ya kwanza. Tulilala upande wa Isyonje, tukaanza alfajiri, tukaacha lami tukaingia vumbi. Mashamba ya viazi na pareto yanapanda mpaka juu kabisa, watu wanalima kwenye mteremko ambao mimi nisingesimama wima, alafu ghafla miti inaisha, mashamba yanaisha, unabaki na nyasi na anga. Sijui niseme vipi. Nyasi zilikua na barafu, nyeupe, ukikanyaga inalia chini ya kiatu, na upepo hauna kitu cha kuuzuia popote kwahiyo hata kwenye tambarare unakanyaga gia nyepesi kama unapanda. Tulipita karibu na shamba la serikali la mifugo, ng'ombe wale wa Kizungu weusi na weupe wamesimama kwenye ukungu, fundi akasimama akavua kofia. Hakusema kitu. Yule mtu ana miaka zaidi ya hamsini na alikua hajawahi kufika juu, na ni hapa hapa kwetu.

Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kilomita za mraba 412.9, na ilitangazwa kwa sababu ya maua, sio simba wala tembo. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Julai hamna maua mengi ila hilo tulikua tunalijua, tulikuja kupima njia. Tuliripoti kwa askari wa hifadhi, tukalipa kiingilio, tukaeleza mradi, walitupokea vizuri na wakatuambia sehemu ambazo masika gari hata la foo-wili linalala.

Shida ilianza baada ya Matamba.

Kona za kwanza zilikua raha, unaona Usangu yote chini, bonde la kijivu halina mwisho, unajisikia kama ndege. Barabara ni mawe na mchanga uliolegea juu ya udongo mgumu. Baada ya kona kama ya kumi na tano hivi vidole vyangu vikaanza kufa ganzi kwa kushikilia breki, baada ya ishirini nikasikia harufu ya raba inaungua, nikasema nikifika kona inayofata nisimame nipoze, na kabla sijafika tyubu ya mbele ikapasuka. Nilikua na kiraka cha zamani kwenye hiyo tyubu, ringi ilipata moto gundi ikalegea, hewa ikatoka yote kwa mara moja. Nikaanguka upande wa mlima. Ningeangukia upande wa pili nisingekua naandika. Na dakika chache baadae Fuso la viazi likapanda kwenye kona ile ile likichukua barabara yote, hamna pa kumpisha mtu.

Tulisukuma baiskeli kwa miguu mpaka Chimala. Mwalimu hakuongea njia nzima.

Jumanne 15 Julai 2025

Kikao kibandani kwa fundi. Alifungua magurudumu ya baiskeli zote tatu akapanga raba za breki mezani. Za kwangu zilikua zimeisha mpaka chuma, na nilizifunga mpya Ijumaa.

Mwalimu akapiga hesabu nyuma ya risiti. Mtu na baiskeli na mzigo chukulia kilo 100. Kila mita 1,000 unazoshuka, joto ambalo breki zinatakiwa zilimeze, kama unashuka taratibu na upepo haukusaidii kukuzuia, linatosha kuchemsha lita kama tatu za maji baridi. Lita tatu kwenye vipande vinne vya raba na ringi mbili za bati. Breki za diski zinavumilia zaidi, lakini baiskeli za watu wengi huku ni hizi za raba zinazobana ringi, na kuna Phoenix nyingi tu zenye breki za kuvuta kwa fito za chuma. Sisi tunataka njia ambayo kijana wa Mbeya mwenye baiskeli ya kawaida anaweza kuipita. Tukisema mpaka uwe na baiskeli ya milioni mbili basi tumechora njia ya wageni peke yao.

Fundi akasema geuzeni njia.

Mwanzoni nilikataa, mwalimu nae alikataa, kwa sababu ile Hamsini na Saba kuipanda ni mateso na sisi tulishazoea kuiona kama zawadi ya mwisho. Fundi akasema jambo moja ambalo sikua na jibu lake, kwamba kupanda ukichoka unasimama, unakaa juu ya jiwe, unakunywa maji, hamna kinachokufanya. Kushuka breki ikichoka hairudishi nguvu. Upande wa Isyonje mteremko umelala, kona ni chache, ukifika barabara kuu ni lami mpaka Uyole, na kuna watu kila mahali. Kwahiyo mtu apande sehemu kali na ashuke sehemu iliyolala. Tukapiga kura, tatu kwa sifuri.

Sa faili lote inabidi liandikwe upya kutoka nyuma kwenda mbele. Nimelala saa nane usiku.

Jumapili 10 Agosti 2025

Nane Nane iliangukia Ijumaa, tukapata siku tatu. Hii ndo safari ambayo naweza kusema mradi ulipata roho yake.

Alhamisi jioni tulipakia baiskeli juu ya Kosta kwenda Chimala. Hili nalo ni uamuzi, sio uvivu. Mbeya mpaka Chimala ni kilomita 78 za barabara kuu ya Dar na Tunduma, malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapishana usiku na mchana, na ile milima ya Inyala tumeshazika watu wengi mno pale. Wiki ya Nane Nane ndo zaidi, magari yote yanaelekea viwanja vya John Mwakangale. Sitamshauri mtu yeyote kuendesha baiskeli pale. Pakia, lipa nauli ya mzigo, hakikisha wamefunga kwa kamba ya mpira na gia iangalie juu.

Chimala joto, watu wanatembea na vesti, wakati siku mbili mbele utakua unatetemeka. Mpunga wa Usangu unalimwa kwa maji hayo hayo yanayotoka kule juu, mto Chimala unapita hapo mjini, na ukitaka kuelewa kwanini mabonde yale yanagombaniwa kaa jioni karibu na mfereji uwasikilize wakulima wanavyopangiana zamu za maji. Mwalimu alisema Ruaha Mkuu kule hifadhini chini ulikua unatiririka mwaka mzima, ila kuanzia miaka ya 1990 ukaanza kukauka kiangazi. Wale viboko wanaobaki kwenye vidimbwi vya tope wanategemea tone ambalo kesho tutalipita kwa tairi.

Tulianza kupanda saa 11 alfajiri na tochi. Nilihesabu kona kwa sauti mpaka thelathini alafu nikaacha, pumzi ilikua ya kazi nyingine. Unakanyaga kona mbili, unasukuma kona moja, unakanyaga tena. Jua lilipotoka lilitukuta katikati ya ukuta, Usangu iko chini ina rangi ya dhahabu na moshi wa majiko unapanda wima kabisa, na hapo ndo nikaelewa kwamba tulichokua tunakipoteza kwa kushuka ni hiki, kwa sababu ukishuka macho yako yapo kwenye jiwe linalofata.

Kwenye kona moja pana tulimkuta mzee anashuka kwa miguu ameshikilia Phoenix yenye gunia la viazi kwenye keria, amefunga tawi kubwa la mti nyuma kwa kamba linaburuta chini. Tukamuamkia shikamoo, akaitika marahaba wanangu, fundi akamuuliza lile tawi la nini, akasema ndo breki yangu, hizi za chuma nilishaziachia shetani. Tawi linakula mzigo, yeye anashikilia tu usukani. Anashuka na kupanda hiyo njia kwa miguu tangu kabla mimi sijazaliwa, na ndo ametupa vituo vya maji vitatu ambavyo havipo kwenye ramani yoyote, kimoja ni bomba la mwanzi limechomekwa kwenye mwamba, maji baridi mpaka meno yanauma. Nimeviandika vyote vitatu. Nilimuomba ruhusa kwanza, akasema maji hayana mwenyewe.

Matamba tulifika saa 6 mchana. Mama mwenye nyumba ya kulala wageni akatusalimia kamwene, akatuletea ugali wa moto na maharage na mboga ya maboga, nikala sahani mbili. Fundi wa baiskeli yupo karibu na soko, ana pampu nzuri na spoki za saizi 26 na 28, raba za breki hana, kwahiyo kila mtu abebe seti yake. Tulilala saa 2 usiku kama kuku.

Siku ya pili ndo Kitulo. Kutoka Matamba bado unapanda, watu wengi hawajui hilo wanadhani Matamba ndo juu. Ukitokea huku uwanda unakuja polepole, unauona kwanza kama mstari mbinguni. Tulifika kwenye mgongo saa 4. Mwalimu akasimamisha msafara, akatoa chupa, akamwaga maji kidogo upande huu na kidogo upande ule. Hakuhutubia. Tuliangalia yakizama kwenye nyasi, udongo wa pale unanyonya kama sifongo, na ndo kazi yake, mvua ya miezi inaingia mle inatoka taratibu mwaka mzima. Ndo maana mtu akilima kwenye tindiga la juu, yaani kinamasi, au akichoma nyasi hovyo, anaeumia ni mwenye mpunga Chimala na mwenye taa Dar.

Mchana upepo ulikua wa usoni. Hii ndo hasara ya kugeuza njia na nitaiandika kama ilivyo, tulipigwa na upepo masaa matatu na kasi yetu ilikua ya mtu anaetembea. Dawa yake ni kuendesha kwa kufatana, mmoja mbele dakika tano alafu anapisha, na kuondoka Matamba mapema kabisa kabla haujaamka.

Tulimuona tandawala mmoja, ndege mkubwa anatembea kwenye nyasi kama mwalimu mkuu anakagua mistari. Kushuka Isyonje breki zangu zilipata moto kidogo tu, nilizigusa kila baada ya dakika kumi. Raba zimeisha robo. Julai ziliisha zote.

Jumamosi 13 Septemba 2025

Tawi la Kiwira. Tunataka anaefika Isyonje mwenye nguvu na siku ya ziada asirudi Uyole moja kwa moja, ashuke upande wa Rungwe aone maji ya pili yanavyoenda.

Hii ilikua rahisi kwahiyo sitaandika mengi. Lami, baridi inapungua kila kona, migomba inaanza, chai inaanza, unavua jaketi, unavua sweta. Unaacha barabara kuu pale Kiwira unaingia vumbi mpaka Daraja la Mungu, ambalo ni mwamba wa lava wa kutoka milima ya volkano ya hapo jirani umekaa juu ya mto Kiwira kama daraja la kujengwa. Mbele zaidi kuna Kijungu, mto mzima unaingia kwenye shimo kama chungu unazunguka kwa hasira unatokea chini. Kufika kule unapita eneo la Magereza, simama getini ujieleze, usipite kimya kimya na baiskeli yako. Mawe ya pale yanateleza sana na maji hayana huruma, kaa mbali na ukingo na watoto wasiachwe wenyewe.

Kurudi juu ni kazi. Kutoka Kiwira mpaka Isyonje fundi aliona bora apande na gari, na faili litasema hivyo, kwamba kupanda na gari hapa ni halali.

Jumapili 7 Desemba 2025

Kila mtu ananiuliza mvua, kwahiyo tumeenda na mvua. Tumejifunza kwamba udongo mwekundu wa upande wa Matamba ukilowa unashika tairi mpaka gurudumu halizunguki, unajaa kati ya tairi na uma na breki, unasimama unachokonoa na kijiti, unaenda mita hamsini unasimama tena. Madigadi tuliyafungua tukayafunga juu ya mzigo. Ule wa upande wa Isyonje ni wa majivu ya volkano, haushiki hivyo lakini una mchanga mkali unasaga raba za breki kama msasa, na cheni inalia. Fundi amependekeza kuanzia Desemba mpaka Aprili njia iwe ya siku nne badala ya tatu, na mtu asubiri mvua iache kwa nusu siku kabla ya kupanda zile kona. Nimekubali. Mafuta ya cheni mazito, sio ya cherehani.

Ila maua jamani. Yanaanza. Nilikua nimeona picha lakini picha hazina harufu wala hazina upana. Kuna aina zaidi ya 350 za mimea kule juu na 45 kati yake ni okidi zinazoota ardhini, za zambarau, za njano, nyeupe, katikati yake yale mekundu marefu kama mienge. Mbayuwayu buluu wanapita chini chini juu ya nyasi, hao wanakuja kuzaa huku wakati wa mvua alafu wanahama kwenda kaskazini. Tulisimama mno, kazi ya saa mbili tuliifanya saa tano.

Hapa kulikua na ubishi kati yangu na mwalimu. Simu yangu inarekodi njia, na nilikua naweka alama kila penye okidi nyingi ili watu wajue wasimame wapi. Mwalimu akasema futa. Nikauliza kwanini, ndo uzuri wenyewe wa njia. Akanikumbusha chikanda. Vile viazi vya chini vya okidi vinachimbwa, vinasagwa na karanga, vinapikwa kama keki, Zambia vinapendwa sana na kwao zilipungua sana siku nyingi, kwahiyo biashara ikahamia huku kwetu na hiyo ni moja ya sababu uwanda huu ulitafutiwa ulinzi. Ukichimba kiazi mmea umekufa. Ramani yenye alama za okidi ni msaada kwa mtu wa picha na ni msaada mkubwa zaidi kwa mtu wa jembe.

Nilifuta alama zote kumi na tisa pale pale barabarani, mvua inanyesha. Kwenye faili imebaki sentensi moja tu, kwamba ukiwa Kitulo kati ya Desemba na Aprili endesha polepole na ubaki barabarani. Kile kijiwe cha msitu wa Livingstone ambapo mwenyeji alituambia huwa anasikia kipunji nacho sijakiandika. Yule nyani alikuja kutangazwa kwa dunia mwaka 2005, babu zetu wa Rungwe walikua wanamjua siku zote.

Jumamosi 17 Januari 2026

Faili limetoka mikononi mwetu. Nililichapisha karatasi nane, nikampa dada mmoja muuguzi ambae anafanya kazi upande wa Makete na huwa anaendesha baiskeli kwenda kliniki za vijijini. Amepita njia yote kutoka Chimala na mdogo wake wa kike, kwa siku nne, jana wamepita kibandani kunirudishia karatasi zikiwa na matope na maandishi ya peni kila ukurasa.

Kona 57 amekata masaa yetu ameandika yake, saa mbili zaidi, maana sisi tulipanda na mizigo midogo na yeye alibeba chakula cha watu wawili na blanketi. Kituo cha pili cha maji cha yule mzee amesema mwanzi umebebwa na mvua, maji yapo ila uyatafute kushoto. Tuliposema "omba hifadhi nyumba yoyote" ameweka mstari juu yake mara mbili, akaandika pembeni: sio nyumba yoyote, dada akiwa peke yake agonge hizi, na ametaja sehemu tano kati ya Matamba na Kikondo, mbili za walimu wa shule ya msingi, moja ya mjane anaeuza maziwa, mbili za kanisa, na kote aliomba ruhusa kabla hajaandika. Hiyo kitu wanaume watatu tumepita mara nne hatukuiona hata siku moja.

Kaandika pia kwamba kushuka Isyonje mdogo wake raba za breki zilibaki nusu.

Fundi ameziomba zile karatasi azibandike kibandani, nimemwambia asubiri, usiku huu nazinakili zote. Jumatatu napiga simu kwa yule mama wa maziwa kumuuliza kama hajabadili mawazo wageni wakianza kuwa wengi. Mwezi wa pili tunarudi Chimala na mwanzi mpya.